Tabaka la Kumi na Mbili

Mwantumu Hoza hakuwa mtu wa kuvamia gofu. Wenzake wa kazi hii hufika, wakashusha vyombo, wakafunga taa, wakapiga picha yao na kuondoka kabla jasho halijawakauka. Yeye husimama kwanza akatazama sakafu. Sakafu ndiyo inayosema watu wa nyumba walipenda kupita wapi.

Chumba namba kumi na nne, katika safu ya vyumba iliyoitwa laini ya tatu, kambi ya wakata mkonge ya Kwemsasu. Saruji ilikuwa imelika njia moja nyembamba kama ya siafu, kutoka palipokuwa mlango hadi kona ya nyuma, na pale konani palikuwa na vishimo vinne vya miguu ya kitanda. Ukuta wa mbele haukuwepo tena. Ulianguka na nusu ya paa miaka mingi nyuma, kwa hiyo mtu akisimama ndani anauona mkonge uliojiotea wenyewe, milingoti ya maua yake imerefuka kupita nyumba, na mbali kidogo korona, kile kiwanda cha kusaga majani, hakina bati hata moja. Kilichobaki kizima ni ukuta wa nyuma, mweupe, umepasuka pasuka kama kisigino.

Alipenda magofu kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu akaeleweka. Mama yake alidhani ana pepo. Kwake ilikuwa kama kuingia kwa watu waliotoka sasa hivi tu, na wewe peke yako ndiye unayejua kwamba hawarudi. Kandambili moja ya mguu wa kulia. Msumari wenye kipande cha kamba. Kalenda iliyoliwa na mchwa ikabaki mwezi mmoja. Hivyo vyote alivipiga picha kwa simu yake, kwa ajili yake mwenyewe, kabla ya kuanza kazi iliyomleta.

Nje, Pazi, dereva wao na mkwanguaji mwenzake, alikuwa akishusha betri na kumchokoza mteja wao, mwenye kazi.

"Mnyamwezi, leo umebeba nini? Maana ninyi bila mzigo hamtembei."

"Nimebeba njaa yako," Bi Skolastika akamjibu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa gari, chupa ya uji mapajani. "Chapati ziko kwenye kapu. Mzaramo gani huyu anafanya kazi bila kupigiwa ngoma?"

"Ngoma tutapiga jioni, mtani. Mwali ni wewe."

Mama huyo mzima wa miaka sitini na tisa akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akamwona Mwantumu anatoka gofuni, na kicheko kikamwisha mdomoni pole pole.

"Ukuta upo, mjukuu wangu?"

"Upo, bibi. Wa nyuma tu. Ila ni mzima."

"Basi mmoja unatosha. Mimi sihitaji mengi."

Alichohitaji alikuwa amekisema tangu siku ya kwanza, na hakukibadilisha. Alizaliwa katika chumba hiki. Alipokuwa na miaka minne mama yake alitoroka kambini, akamwacha kwa shangazi katika laini ya pili. Ndivyo nyapara alivyosema, ndivyo shangazi alivyosema, na ndivyo watoto wa kambi walivyomwimbia mpaka akaolewa: mtoto wa mtoro. Kwa mtu aliyetoroka hakukaliwa matanga, wala jina lake halikupewa mjukuu yeyote. Picha haikuwepo, enzi zile aliyepigwa picha kambini ni nyapara na ng'ombe wa bwana shamba. Bi Skolastika alizika mume, akazika mtoto mmoja, na kote huko alikuwa akijaribu kuukumbuka uso wa mama yake na anapata ukungu.

"Mwaka nilipokuwa na miaka mitatu," alisema. "Hajanichoka bado. Nipatie uso wa mwaka huo."

Na kesho asubuhi matingatinga yaliyopangwa kule barabarani yangeanza kusawazisha kambi nzima, paanze kujengwa mitambo ya umeme wa jua.

*

Fundi aliyemfundisha Mwantumu kazi alimweleza mambo kwa maneno machache, na yeye, aliyeishia darasa la saba, aliyashika yote.

Chokaa haikauki siku moja. Huvuta hewa miezi na miezi, punje kwa punje, na kila punje inayojifunga hujifunga pamoja na mwanga ulioikuta pale. Kwa hiyo ukuta uliopakwa chokaa unaona. Ila unaona polepole mno. Anayepita haumkamati, unamkamata anayekaa. Kitanda hutoka vizuri, na kabati, na chungu kisichohama. Mtu aliyelala hutoka kama moshi, kwa sababu anapumua, anageuka, anaamka kwenda kazini. Mlango hautoki kabisa. Unafunguliwa na kufungwa kila siku, kwa hiyo panabaki doa la kijivu.

Mtu akija kupaka chokaa mpya, jicho la zamani linafumbwa na jipya linafumbuliwa. Kambi za mkonge zilipakwa kila mwaka mara moja, wiki ya kabla ya ukaguzi wa bwana shamba. Tabaka moja, mwaka mmoja. Ukijua kambi ilifungwa mwaka gani, unahesabu kurudi nyuma kama anayehesabu kwa shanga.

Na hapa ndipo penye sharti. Taa inayolifungua tabaka ina moto mkali. Ikishalifungua, mwanga uliokuwemo unatoka wote, unaonekana kwa muda mfupi, kamera inaudaka, basi. Lile tabaka linakuwa kipofu. Na joto lake linaua kila kilichopo chini. Kwa hiyo ukuta mmoja hutoa mwaka mmoja. Unachagua, unakwangua vya juu kwa kisu na kitambaa chenye maji, na ukikosea umekosea.

Mwaka wa Bi Skolastika ulikuwa tabaka la kumi na mbili.

Walikwangua tangu asubuhi mpaka adhuhuri ikapita, yeye na Pazi, wamefunga vitambaa puani. Tabaka la kwanza lilitoka kama maganda ya yai. La tano lilikuwa na masizi. La kumi na moja liliwasumbua. Lilikuwa nene, gumu, limemwagwa zaidi ya kupakwa, na mistari yake ilikwenda huku na huku.

"Huyu alipaka kwa ufagio," Pazi akasema. "Tena kalewa."

Mwantumu akakubali kichwani, mlevi, akaendelea kukwangua. Baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko jambo jingine lolote. Macho yake yaliona. Yeye ndiye aliyeyatafutia maneno mepesi.

Walipofika la kumi na mbili walitundika turubai pale palipokuwa ukuta wa mbele, na lingine juu, chumba kikawa giza la mchana, lenye joto na harufu ya popo. Kabla ya kuwasha taa kubwa alitoa kitochi cha kuchungulia. Hiki hufungua kidoa kama cha sarafu, kuhakikisha tu kwamba tabaka lina kitu. Akakielekeza upande wa kulia, akaweka jicho kwenye lenzi.

Akaona bawaba.

Akaona misumari mitatu ya bawaba, na wa kati ulikuwa umepinda. Aliona hata kutu.

Akatoa jicho, akapangusa lenzi kwa upindo wa gauni, akarudi. Bawaba ilikuwa inafifia sasa, lakini ilikuwa ile ile, imekaza kama imechorwa kwa kalamu. Amefungua majumba sitini na mawili: shule, zahanati, stesheni, nyumba za mapadri. Katika chumba cha watu hajawahi kuona mlango.

"Una nini?" Pazi akauliza.

"Mlango upo."

"Upo wapi? Mlango ulishaliwa na mchwa kabla hatujazaliwa."

"Humu. Umetulia. Haukufunguliwa, Pazi. Siku nyingi."

Mwantumu akasogea kushoto, chini, penye vishimo vya kitanda, akafungua sarafu ya pili. Kwanza akaona nguo, ua la kitenge. Halafu vidole. Vilikuwa vinne, na kidole gumba juu, kiganja kimeelekea ukutani. Kwenye kucha ya kidole cha shahada palikuwa na ufa mdogo, ule wanaoupata wakata mkonge kwa kushika majani, na aliuona kama anavyoziona kucha zake mwenyewe.

Mtu aliye hai hatoki hivyo. Hata mgonjwa. Hata aliyefungwa kamba.

*

Walitoka, wakazunguka nyuma ya nyumba, wakachuchumaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta, upande ambao Bi Skolastika hawaoni.

"Tumekosea hesabu," Mwantumu alisema. "Lile la kumi na moja halikuwa la mwaka. Lilipakwa katikati. Chokaa ya kuulia ugonjwa. Wamemtoa, wakamwaga chokaa."

"Kwa hiyo mwaka anaoutaka bibi uko chini yake. Tabaka moja tu."

"Moja."

"Basi tunabishana nini?" Pazi akashika kisu. "Kwangua hilo twende. Atoke na mama yake mwenye ukungu, mzima, amelala na mtoto. Anakwenda kufa karibuni huyu, Mwantumu. Acha afe na mama."

"Na utoro?"

"Utoro ameuzoea. Miaka sitini na mitano. Hili atalizoea lini?"

Maneno ya Pazi yalikuwa na huruma, na huruma ni kitu kigumu kubishana nacho. Lililomzuia Mwantumu kubisha si hilo peke yake. Alikuwa ameona vidole vile, na tangu avione kuna kitu ndani yake kilikuwa kimesimama wima kama mbwa aliyesikia nyama. Majumba sitini na mawili, na yote moshi. Leo ana mtu. Mtu kamili, ukucha kwa ukucha. Alikuwa akiitaka picha ile kwa tamaa iliyomtia aibu, na sasa hakujua tena: akienda kumwambia mama yule kweli, ni kwa ajili ya kweli, au ni kwa ajili ya tamaa yake?

"Mimi nikiamua, nitakuwa naamua kwa njaa yangu," alisema mwishowe. "Na wewe unaamua kwa woga wako wa kumwona analia. Sisi wote si wenye ukuta."

"Utamwambia hata mkono?"

"Hata mkono."

Pazi akatema mate ya vumbi pembeni. "Basi sema wewe. Mimi mtani wake. Akiniangalia nitacheka bila kupenda."

*

Alimwambia akiwa amechuchumaa mbele ya kiti, macho yao yakiwa sawa. Hakupamba. Alianza na mlango, akaeleza kwa nini mlango hautakiwi kuonekana, kisha chokaa ya ufagio, kisha vidole. Alisema vilevile lile baya zaidi: kwamba kwa jinsi kiganja kilivyokaa, aliyelala pale amelala ubavu, mgongo ukutani, uso mlangoni. Ukuta ulioutazama uso wake ndio ule ulioanguka.

"Kwa hiyo ukichagua hili," akasema, "utamwona yeye, lakini uso huupati, bibi. Ukichagua la chini, uso utaupata, wa ukungu, akiwa hai. Vyote viwili haviwezekani. Taa ikiwaka hapa, la chini limekufa. Na mimi nilikosea hesabu. Nilipaswa kulitambua lile la kumi na moja tangu kisu kilipoligusa."

Bi Skolastika alikuwa akizungusha kifuniko cha chupa, kulia, kushoto.

"Mwaka ule kulikuwa na kuharisha," alisema. "Tulikatazwa maji ya mfereji. Nakumbuka walichemsha maji kwenye pipa, na sisi watoto tukapelekwa laini ya pili tucheze huko." Akazungusha kifuniko. "Shangazi alikuwa hapiti huku. Kisima kiko hapo, unakiona? Sisi tulizunguka kwa korona, ndoo kichwani, mimi mtoto mdogo. Nikimuuliza, ananipiga."

"Alijua?"

"Sijui. Amekufa na mdomo wake." Akaitazama laini ya vyumba. "Si kulikuwa na watu laini nzima walipomfungia humu? Kuta hizi nyembamba. Mtu akikohoa namba kumi na mbili, unamsikia namba kumi na sita."

Upepo ulipita kwenye milingoti ya mkonge, ikagongana.

"Bibi, si lazima uchague leo hii hii. Tuna mpaka kesho asubuhi."

"Nichague nini? Ukungu ninao, mjukuu wangu. Nimelala nao, nimeamka nao. Ukinipa mwingine nitauweka wapi?" Akakifunga kifuniko, akainuka kwa kushika bega la Mwantumu. "Yule mtu nimemtukana. Nikiwa na uchungu wa kuzaa nilimtukana kwa jina lake. Mkunga alinisikia. Washa taa yenu."

*

Ndani alikataa kiti. Alisimama katikati ya chumba, Pazi pembeni yake, bila utani wowote, ameshika kofia. Mwantumu alifunga kamera kwenye miguu yake mitatu, akapima, akapima tena. Kisha akawasha.

Kwanza palikuwa na joto tu. Halafu ukuta ukaanza kupauka kutoka ndani, kama maziwa yanayoingia kwenye maji, na chumba kikaja. Kilikuja mlango kwanza. Mbao tano, misumari yake, mwanga mwembamba chini yake uliosimama pale pale kwa siku zisizojulikana ngapi. Nyuma ya migongo yao, mahali pa mlango ule, palikuwa na turubai na jua na majani. Mbele yao ulikuwa umefungwa. Pazi aligeuka kutazama nyuma, asijue kwa nini anageuka.

Kisha akaja yeye. Alikuwa sakafuni, si kitandani. Alikuwa ametandika kitenge akalala ubavu, magoti ameyakunja, mkono mmoja ameutupa nyuma. Nywele zake zilikuwa zimesukwa nusu. Nusu nyingine imesimama, na kitana kimechomekwa humo humo. Uso wote ulielekea kwenye ule mwanga mwembamba wa chini ya mlango. Hakuna kilichocheza. Kila unywele ulikuwa mahali pake. Mwantumu, aliyekuwa amelitamani jambo hili miaka yote, alibonyeza kamera mara moja na akatamani kutoka nje.

Bi Skolastika alisogea hatua mbili. Hakugusa ukuta. Aliinama, akatazama shingo ya yule mtu, pale nywele zilipoachwa, mikunjo miwili ya ngozi na ncha ya nywele iliyoshuka katikati yake.

"Wajukuu wananicheka kisogo," alisema. "Wanasema bibi kisogo chako kina midomo miwili. Mimi nitakionaje kisogo changu?" Akapeleka mkono nyuma ya shingo yake, chini ya kilemba, akapapasa. "Kumbe ndicho hiki."

Ukuta ulianza kufifia. Mlango ulikuwa wa mwisho kuondoka. Ulipoondoka pakabaki chokaa tupu, yenye rangi ya jivu, na sauti ya popo wakijiweka sawa kwenye kenchi za paa.

Bi Skolastika akavua kilemba. Akaketi sakafuni, akanyoosha miguu, akaweka mikono mapajani kama wanavyokaa wafiwa.

"Kaeni," akawaambia. "Msibani hawasimami."

Wakakaa. Mwantumu upande huu, Pazi upande ule. Hakulia kwa sauti. Alitikisika tu, muda mrefu, na Mwantumu alimshika mguu kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Jasho liliwatiririka; turubai lilikuwa likipandisha na kushusha tumbo lake kwa upepo. Ilipokuwa kimya sana, mama yule akageuza kichwa.

"Mzaramo. Kwenu msiba wa mtani unakaliwa kimya hivi? Mnamzika mtu au mnazika mbuzi?"

Pazi akaikunja kofia yake mikononi. "Mimi nilikuwa namwachia nafasi," akasema. "Mnyamwezi wa kwanza kumwona amelala mchana. Nikasema nikimwamsha atadai nimbebee mzigo."

Bi Skolastika alicheka na kulia kwa pamoja, kwa sauti sasa, na hakujizuia.

Jioni, kabla ya kufunga vyombo, Mwantumu alitoa karatasi ya picha, maana kila picha lazima iende na karatasi yake. Kambi. Laini. Chumba. Tabaka. Chini kabisa kuna mstari wa kinachoonekana, na sheria ya kazi ni kwamba hapo, ukiacha jina la mtu, huandiki unachojua wala unachodhani. Unaandika kinachoonekana tu. Kwa miaka yote alikuwa akiandika kitanda, kabati, ukungu wa watu wawili.

"Jina lake nani, bibi?"

"Leokadia. Leokadia Nyanzala."

Aliandika kwa herufi kubwa, taratibu, kama alivyofundishwa shuleni, na Bi Skolastika aliinama juu ya bega lake akisoma kila herufi ilivyokuwa ikitoka.

LEOKADIA NYANZALA. YUMO NDANI.